Kidole cha Ruhusa

Ajali haina kinga. Ukitaka kujua nani aliyeitunga methali hiyo, nenda yadi yoyote ya malori saa nne asubuhi, uliza ni gari gani limeingia mtaroni wiki hii. Utaisikia ikitamkwa na watu watatu kwa pamoja, wote madereva, wote wamekunja nne, wote wana chai mkononi. Kwa mtu aliyegongwa hutaisikia hata siku moja.

Ruhusa alikuwa bingwa wa kuisema, ingawa mwenyewe hakuwa na haja nayo. Aliendesha malori kwa miaka ishirini na sita bila kugonga kitu. Kuku mmoja alikufa, kweli, lakini kwa maelezo ya Ruhusa ni kuku aliyemgonga yeye. Kazi yake ilikuwa kupeleka saruji kwa lori la tela, kutoka kiwandani mpaka miji iliyo nyuma ya milima, na kurudi tupu. Nyuma ya tela palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: MUNGU MBELE.

Sasa usije ukadhani kwamba aliendesha vizuri. Aliendesha vibaya kwa ustadi mkubwa. Kwenye miteremko alitoa gia, akaliacha lori lishuke lenyewe kwa nyutro ili aokoe mafuta, tani thelathini za saruji zikimsukuma mgongoni, naye anapiga mluzi. Alimenya machungwa huku usukani ameushika kwa magoti. Mkanda wa usalama aliufunga nyuma ya kiti, ili kengele ya gari idanganyike na inyamaze. Simu aliibana kati ya sikio na bega kwa miaka mingi mpaka shingo ikazoea kulala upande, na hata akiwa amekaa kwake sebuleni ungedhani kuna mtu anamnong'oneza. Na bado hakupata ajali. Huo ndio ubaya wa bahati, haimfundishi mtu kitu.

"Mimi na barabara tumeoana," alikuwa akijigamba.

"Na mimi je?" mkewe alimwuliza siku moja.

"Wewe ni wa nyumbani."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Siku hiyo hakusema neno. Alimnyima chai siku mbili, na ya tatu akampa isiyo na sukari.

Jina la Ruhusa alilipata barabarani, na lina habari yake. Ukiwa na gari dogo nyuma ya lori refu mlimani, huoni mbele. Unaona tela, vumbi, na maandishi ya kumsifu Mungu. Dereva wa lori amekaa juu, anaona mbali, kwa hiyo anakusaidia. Akiwasha indiketa ya kulia, anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia njia nyeupe, pita. Jambo hilo halimo katika kitabu chochote cha sheria. Hakuna chuo cha udereva kinachoifundisha ishara hiyo, na hakuna dereva wa lori asiyeijua.

Wako madereva wanaoitoa kwa uchoyo, mara moja kwa wiki, kama vile taa inawaka kwa fedha zao. Ruhusa aliigawa. Mchana kutwa, mlima baada ya mlima, kushoto, kushoto, pita mwanangu, pita mama, na wewe mwenye gari jeupe pita. Waliopita walimpigia honi mbili fupi za ahsante. Zile honi mbili alizipenda kuliko mshahara, na alikuwa na sababu. Nyumbani hakuna aliyemwomba ruhusa ya kitu chochote. Mkewe alinunua kabati, yeye akalikuta limekaa. Binti yake aliolewa, yeye akaambiwa tarehe. Lakini barabarani, mawakili na madaktari wenye magari ya thamani walimfuata taratibu kilomita nzima wakingoja kidole chake. Maana kilikuwa kidole tu, cha shahada, mkono wa kushoto. Unakigusisha kijiti kilicho nyuma ya usukani, kinalia tik, na tajiri anapita.

Siku ya mkosi ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Jua lilikuwa linawaka, barabara kavu, gari zima, dereva amelala vizuri. Yaani hapakuwa na kisingizio hata kimoja. Ruhusa alikuwa anapanda ule mlima wenye kona saba, gia ya chini, spidi ya mtu anayetembea na mzigo. Mkewe akapiga simu. Alikuwa dukani na alitaka kujua mapazia ya sebuleni yawe ya kahawia au ya bluu.

"Kahawia," alisema Ruhusa. "Hayaonyeshi vumbi."

"Vumbi gani? Kwani nyumba yangu ina vumbi?"

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na mwenye ndoa anajua kwamba hayakuhusu mapazia. Nyuma kulikuwa na pikapu ya bluu iliyobeba mbao. Dereva wake aliwasha taa mara mbili, kuomba. Walikuwa wanaingia kona ya nne. Ruhusa, shingo upande, sikio kwenye simu, mdomo kwenye vumbi la sebuleni, alinyoosha kidole. Tik. Kushoto.

Hakutazama mbele. Hili ndilo jambo zima, kwa hiyo lisemwe wazi: hakutazama. Kidole kilikwenda chenyewe, kwa mazoea, kama mkono unavyokwenda kujikuna. Labda aliyeandikwa nyuma ya tela kwamba yuko mbele ndiye aliyeachiwa kazi ya kutazama.

Pikapu ilitoka, ikavuta, ikafika usawa wa kabini. Ruhusa aliteremsha macho akaona mkono umewekwa dirishani, mkono wa abiria, shati la njano. Kisha basi likachomoza kwenye kona. Pikapu haikuwa na pa kwenda. Ilikata kulia, ikaruka ukingo wa barabara mbele ya basi, na kitu cha mwisho ambacho Ruhusa alikiona kwenye kioo cha pembeni ni mbao zikiruka juu.

"Mama yangu!" alisema, na simu ikaanguka ikakatika.

Mguu wake uligusa breki. Uligusa tu. Kusimamisha tani thelathini mlimani ni hatari, alijiambia. Halafu basi limesimama, lina watu hamsini, hao watasaidia. Halafu mimi si daktari. Alipofika kona ya tano alikuwa na sababu tatu nzuri, na kona ya saba alikuwa nazo sita. Alipofika kileleni alimpigia mkewe akamwambia kwamba mbuzi alikuwa amevuka barabara.

Jioni alilizunguka lori lake lote, akipapasa rangi kwa kiganja. Hapakuwa na mkwaruzo. "Hatukugusana," alijiambia, na neno hilo alilishika kama dawa, kutwa mara tatu. Kutogusana si ajali. Wiki mbili hakuwasha ishara kwa mtu yeyote. Wiki ya tatu gari moja la harusi lilimwomba kwa honi, wanawake wakipunga vitambaa madirishani, na kidole kikarudi kazini. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na haifai kufichwa.

Miezi minne ilipita. Kampuni ikatangaza siku ya usalama barabarani, na yadi ikafagiliwa mpaka ikawa haijulikani. Kila dereva alijua sababu ya ufagio ule. Meneja alikuwa anatafuta mwalimu wa madereva, mtu wa kuwafunda wapya na kuwakumbusha wazee, na mtu mwenyewe ni yule aliyekaa miaka ishirini na sita bila ajali. Kazi ilikuwa na ofisi yenye feni. Ilikuwa na fulana yenye neno MWALIMU mgongoni. Zaidi ya yote, ilikuwa kazi ya kulala nyumbani kila siku. Ruhusa alikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti yake yalilia akishuka kabini, na aliogopa kwamba siku moja atarudi safari amkute mkewe ameshazoea kabisa kuishi bila yeye. Aliitaka kazi ile kwa roho yake yote.

Kwanza alikuja dada mmoja kutoka chuo, mwenye miwani na rundo la fomu. Fomu hazina majina, alisema, kwa hiyo kila mtu ajibu kweli. Je, huongea na simu unapoendesha? Je, hushuka mlima kwa nyutro? Je, hupita gari lingine kwenye kona? Unachagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku. Madereva arobaini waliinama juu ya fomu kwa unyenyekevu ambao wake zao hawajawahi kuuona. Swali la mwisho liliuliza kama umewahi kuhusika katika ajali. Ruhusa aliweka alama kwenye "sijawahi."

Yule dada alizipitia fomu palepale, moja, mbili, kumi. Akavua miwani.

"Kwa fomu hizi, nyinyi wote ni malaika," alisema. "Sasa sijui ajali zinaletwa na nani."

"Pikipiki!" alijibu dereva mmoja mnene waliyemwita Bonge, na yadi nzima ikaangua kicheko.

Kisha meneja akamleta mbele mtu wa kutoa ushuhuda. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi, penseli nyuma ya sikio, nadhani alisahau kuitoa. Alisema yeye ni fundi seremala. Aliwatazama madereva mstari kwa mstari.

"Meneja wenu kaniomba nije niwaambie ajali ni mbaya," alianza. "Haya, ajali ni mbaya. Hilo mnalijua. Mimi nimekuja na swali langu moja, nikijibiwa naondoka."

Meneja alikohoa. Seremala hakumtazama.

Alieleza kwamba alikuwa anapanda ule mlima wa kona saba, na pikapu yake imebeba mbao. Pembeni yake alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kupaua nyumba. Kwenye kona ya nne lori lililokuwa mbele yake liliwasha indiketa ya kushoto. Alipita. Akakutana na basi. Yeye alitoka na mbavu mbili zilizovunjika. Shemeji yake alikatwa mguu juu ya goti, na mtu wa mguu mmoja hapandi juu ya paa.

"Polisi niliwaambia lori lilinipa ruhusa. Walicheka. Wakaandika nimepita gari kwenye kona kwa uzembe. Mke wangu nilimwambia hivyo hivyo. Akaniuliza, lori limekuambia? Kwa mdomo gani? Anaona nilifanya sifa zangu, nikamkata mdogo wake mguu, kisha nikatunga uongo wa kitoto. Miezi minne nalala kibandani kwenye mbao. Hasemi na mimi. Na mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza kama niliiona ile taa au niliiota. Sasa nyinyi ni madereva wa malori. Niambieni. Ile ishara ipo, au haipo?"

Kila mtu pale alijua jibu. Kila mtu alijua pia kwamba kampuni ilikuwa na amri: dereva atakayeonekana akiwaruhusu watu kwa indiketa, kazi hana. Na meneja alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma.

"Labda lilitaka kuegesha," Bonge alisema hatimaye, na wachache wakacheka kidogo.

"Kwenye kona ya nne? Juu ya korongo?" Seremala aliuliza. "Liliandikwa Mungu Mbele. Lilibeba saruji. Sikuona zaidi."

Katika yadi ile malori ya saruji yaliyoandikwa Mungu Mbele yalikuwa kumi na moja. Madereva kumi walishusha pumzi. Wa kumi na moja alikuwa anasoma kifuniko cha chupa yake ya soda kwa makini sana.

Seremala alikaa. Alipewa soda na yeye. Meneja akashukuru, akasema tumejifunza mengi, akafungua bahasha, akamtangaza mwalimu mpya wa madereva, mfano wa kuigwa, miaka ishirini na sita bila doa. Watu walipiga makofi. Fundi seremala aliweka chupa chini, akapiga makofi na yeye, kwa adabu, kama mgeni anavyotakiwa. Ruhusa aliyasikia makofi yale mawili matatu kuliko yote mengine, na alitamani ardhi impasukie.

Alasiri alifika nyumbani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, pini mdomoni. Nyuma yake dirisha lilikuwa na mapazia ya bluu.

"Karibu mwalimu," alisema. Habari zilikuwa zimeshafika. Alipouona uso wa mumewe, akatoa pini mdomoni. "Kuna nini?"

Ruhusa alikaa, shingo upande. Alieleza habari ya seremala kama habari ya mtu mwingine, dereva fulani, lori fulani. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kugusa cherehani.

"Ilikuwa siku ile ya mapazia," alisema.

"Siku gani?"

"Usinifanye mtoto, baba. Ulisema 'Mama yangu,' simu ikakatika. Halafu ukanipigia ukaniambia mbuzi. Nikajua si mbuzi. Mtu hamwiti mama yake kwa ajili ya mbuzi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu." Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyafuta. "Niliogopa utanijibu. Kila asubuhi nafungua haya mapazia nasema leo atasema mwenyewe. Leo ndiyo umesema, na hata leo umemsingizia dereva fulani."

Ruhusa aliinamisha kichwa. Miaka ishirini na sita ya sifa, na hapo hakuwa na moja ya kusimamia.

"Nikimwambia yule mtu, ualimu umekwenda," alisema taratibu.

"Usipomwambia utamfundisha nani? Nini?"

Kesho yake asubuhi, mapema, aliingia ofisini kwa meneja, akamngoja. Fulana ilikuwa imeshatandazwa mezani, nyeupe, herufi nyeusi. Ruhusa alisema yote akiwa amesimama, tangu mapazia mpaka mbuzi. Meneja aliinuka akafunga mlango.

"Kuna aliyekuona?"

"Hakuna."

"Polisi wanajua?"

"Hapana."

"Basi wewe hujasema kitu, na mimi sijasikia kitu. Chukua fulana yako uende ukafundishe."

"Bosi, mimi naenda kumwambia yule fundi."

Meneja alimtazama kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake anakunywa maji ya betri. "Ukienda, fulana iache. Na ufunguo wa lori uache. Sitaweza kukutetea."

Ruhusa alikuwa ameshaijaribu ile fulana kabla meneja hajaja. Aliikunja vizuri, akaweka ufunguo juu yake. "Ilikuwa inanibana hata hivyo," alisema, akatoka getini kwa miguu.

Kwa seremala hakukuwa mbali. Kila mtu sokoni alimjua. Nyumba yake ilikuwa na ua, na uani palikuwa na kibanda cha bati kilichojaa harufu ya mbao mbichi. Nyuma ya mbao palikuwa na godoro limekunjwa, na juu ya benchi mto wa kulalia, umejaa unga wa msumeno. Seremala alikuwa anapiga randa. Alimtambua mgeni wake.

"Mwalimu! Karibu. Unataka kabati la ofisi?"

"Lori la siku ile lilikuwa langu," Ruhusa alisema. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, na hayo ndiyo yaliyobaki.

Randa ilisimama. Seremala hakugeuka mara moja.

"Uliniruhusu?"

"Nilikuruhusu."

"Kulia au kushoto?"

"Kushoto."

"Iliwaka mara ngapi?"

Ruhusa alifikiri. "Tatu. Nikairudisha."

"Tatu," seremala alisema, na akafumba macho. "Nilizihesabu. Tatu." Alikaa juu ya benchi, pembeni ya mto wake. Mabega yalikuwa yanatikisika, na Ruhusa hakujua kama ni kicheko au kilio, na hakuthubutu kuuliza. Kisha seremala aliinuka akaokota kipande cha mbao nene. Ruhusa alikaa tayari, hata hakujikinga, kwa kuwa aliona ni haki yake. Lakini seremala alimpita, akaugonga ukuta wa nyumba kwa ile mbao, mara tatu.

"Mama watoto! Njoo huku!"

Mkewe alitoka, mikono ina povu la sabuni. Alisimama mbali na akamtazama Ruhusa, si mumewe.

"Mgeni, mwulize huyo ananiitia nini."

Ndivyo walivyokuwa wakiishi. Hata chumvi waliombana kupitia kwa watoto.

Ruhusa alimweleza. Mama yule alisikiliza, kisha akakunja midomo.

"Kakupa nini uje useme haya?"

"Hajanipa kitu, dada."

"Mimi si dada yako. Mtu akija kujitia kitanzi bure, ama ni mwehu ama kuna alichopewa."

"Pikapu ilikuwa ya bluu," Ruhusa alisema. "Mbao zimefungwa kamba nyekundu. Ndugu yako alikuwa ameweka mkono dirishani. Shati la njano."

Povu lilikuwa likidondoka kwenye vidole vyake. Lile shati walilichana kwa mkasi hospitalini, na vipande vyake alivizika mwenyewe nyuma ya nyumba, bila kumwambia mtu. Alivuta kigoda, lakini hakukikalia. Alikisukuma mbele ya Ruhusa.

"Kaa. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Ulichofanya. Kama ulivyofanya. Usiongeze, usipunguze."

Ruhusa alikaa. Aliinua mikono akashika usukani ambao haukuwepo. Akalaza shingo, akabana bega kwenye sikio, maana ndivyo ilivyokuwa. Magari mengi yalikuwa yamekingojea kidole kile, na hakijawahi kutazamwa namna hii. Akakinyoosha, akakirudisha.

"Hicho tu?" mama yule aliuliza.

"Hicho tu."

"Na macho? Macho yalikuwa wapi?"

"Hayakutazama. Nilikuwa nabishana na mke wangu. Habari za mapazia."

Mama yule alikitazama kidole kwa muda mrefu. Ndani ya nyumba, kwenye chumba cha pili, redio ilikuwa inatangaza bei za mazao.

"Na wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," alisema.

Alifuta mikono kwenye kanga. Akaenda kwenye benchi, akachukua ule mto, akaukung'uta mara mbili unga ukatimka, akaubana kwapani. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miezi minne, alizungumza na mumewe.

"Beba godoro."

Seremala alilibeba. Alipita mbele ya Ruhusa bila kumtazama, godoro kichwani, anapepesuka kidogo, na penseli ikaanguka kutoka sikioni naye hakuiokota. Ruhusa alisimama akitaka kuaga. Alifikiri yameisha. Alikuwa hata ameanza kujisikia vizuri, jambo ambalo hakuwa na haki nalo.

"Wewe unakwenda wapi?" mama yule alimwuliza. "Jioni utakwenda kituo cha polisi, mimi mwenyewe nitakusindikiza. Lakini kwanza kuna mtu mle ndani. Tangu alipozinduka ananiambia aliiona ile taa, nami namwambia ni dawa za maumivu zinamchanganya. Mimi dada yake ndiye niliyemwambia. Nenda ukamwonyeshe na yeye."

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa na pazia jepesi. Mkongojo ulikuwa umeegemezwa ukutani, na chini yake kiatu kimoja. Ruhusa alibisha hodi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hakujua auweke wapi.

Redio ilizimwa.

"Nani?" sauti ya kijana iliuliza kutoka ndani, sauti ya mtu aliyefurahi kupata mgeni. "Pita tu, pita."

Ruhusa alisogeza pazia, na safari hii alitazama.